Gari la Farasi na Motokaa: Habari Iwafaayo Wenye Mikarafuu



Msimu uliopita, wakati tukingoja zamu ya kupima karafuu, mzee mmoja katika wanachama wetu alitazama pikipiki zilizopakia magunia akasema: "Zamani mzigo huu ulikuwa wa punda na gari la ng'ombe. Wenye magari yale wengi wameacha kazi. Lakini sisi wakulima hayatuhusu. Gari likibadilika, karafuu ni ile ile." Wengi walicheka wakakubali. Sisi tulinyamaza, kwa kuwa tulikumbuka habari ya miji mikubwa ya Ulaya na Marekani, ambako gari la farasi liliondoka na motokaa ikaingia. Huko aliyepata hasara kubwa hakuwa mwendesha gari peke yake. Mkulima alipata hasara pia, naye alikuwa mbali na mji wala hakuona lililokuwa likija. Basi tumeona vema kuieleza habari hiyo hapa kwa mpango, kisha tuseme inatufundisha nini.

MIJI ILIYOKWENDA KWA FARASI

Kwanza yafaa tuondoe dhana moja. Watu wengi hudhani ya kuwa garimoshi lilipokuja farasi alipungua kazi. Sivyo ilivyokuwa. Garimoshi lilileta mizigo na abiria wengi mpaka stesheni, lakini kutoka stesheni hadi dukani au nyumbani hapakuwa na njia ila farasi. Kwa hiyo reli zilivyozidi, farasi nao walizidi. Mji wa New York, kufika mwisho wa karne ya 19, ulikuwa na farasi zaidi ya 100,000. London nayo ilikuwa na maelfu kwa maelfu wakivuta mabasi, teksi, magari ya maziwa, ya makaa, ya bia na ya maiti.

Basi la farasi la London lilivutwa na farasi wawili. Lakini farasi hawezi kufanya kazi kutwa nzima. Baada ya saa chache huna budi kumpumzisha na kufunga wengine. Kwa sababu hii basi moja lilihitaji farasi kama 10 au 11 ili liweze kutembea tangu asubuhi hadi usiku. Teksi yao iliyosifiwa sana ilikuwa ile ya magurudumu mawili iitwayo hansom, kwa jina la Joseph Hansom aliyeipatia hataza mwaka 1834. Mwendeshaji alikaa juu nyuma, abiria wakakaa mbele chini yake, na hatamu zikapita juu ya paa.

Nyuma ya kila farasi palikuwa na kundi la watu wenye kula kwa mgongo wake: saisi wa kumlisha na kumsugua, mhunzi wa kumpiga viatu vya chuma, mshona matandiko, fundi wa magurudumu, mganga wa wanyama, muuza majani makavu, na mwenye kuzoa mavi. Na nyuma ya hao wote alikuwako mkulima wa chakula chake. Huyo tutamrudia.

MWAKA 1872

Mwaka 1872 sisi watu wa visiwa hivi twaujua kwa msiba. Mwezi wa Aprili mwaka huo tufani kubwa iliipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu, na Pemba ikasalimika zaidi. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa karafuu. Mwaka huo huo, miezi michache baadaye, Amerika ya Kaskazini nayo ilipata msiba wake. Maradhi ya mafua ya farasi yalianza karibu na mji wa Toronto, Canada, yakashuka Marekani na kuenea kwa muda wa majuma machache. Farasi wengi hawakufa, lakini hawakuweza kusimama kazini. Mabasi yakasimama, mizigo ikarundikana bandarini na stesheni, na pengine wanaume wakajifunga kamba wakavuta magari wenyewe. Mwezi wa Novemba moto ulizuka mjini Boston. Farasi wa kikosi cha zimamoto walikuwa wagonjwa, ikawapasa watu wavute pampu kwa mikono. Majumba zaidi ya 700 yaliteketea. Moto huo ulikuwa na sababu nyingine pia, lakini watu waliona wazi ya kuwa mji mzima umetegemea mnyama mmoja, na mnyama huyo akiugua, mji nao unaugua.

Taabu ya pili ilikuwa ya kila siku, nayo ni mavi. Tuhesabu kwa uchache: farasi mmoja akitoa kilo 10 kwa siku, farasi 100,000 watatoa tani 1,000 kila siku ya Mungu, mbali na mkojo. Mwanzoni wakulima wa mboga waliokaa kando ya mji waliyanunua mavi hayo kwa furaha, wakayarudisha shamba, na majani makavu yakaja mjini kwa njia hiyo hiyo. Ulikuwa mzunguko mzuri. Lakini farasi walivyoongezeka, samadi ilizidi haja. Wenye mabanda, waliokuwa wakilipwa kwa samadi yao, ikafika wakati wakalipa wao ili ichukuliwe. Nzi wakazaana, na maradhi ya tumbo yakafuata. Na farasi akifa njiani, maiti yake ilikuwa kazi ya watu wengi kuiondoa.

Tumeyataja haya ili isidhaniwe ya kuwa motokaa ililetwa na watu wapenda makuu tu. Watu wa mjini walikuwa na dhiki ya kweli, na wakati ule wengi waliisifu motokaa kwa kuwa ni kitu safi. Moshi wake haukuwa umewatia hofu bado.

GARI LISILO NA FARASI

Motokaa ya kwanza iliyofanikiwa kwa injini ya petroli ni ile ya Karl Benz wa Mannheim, Ujerumani, aliyeombea hataza tarehe 29 Januari 1886. Ilikuwa na magurudumu matatu. Mwaka huo huo Gottlieb Daimler alinunua gari la kawaida la farasi akalitia injini. Hivyo ndivyo watu walivyoifikiri motokaa: gari la farasi lililopungukiwa na farasi.

Watu hawakukimbilia kununua. Aliyewafungua macho ni mwanamke, naye ni Bertha, mke wa Benz. Mwezi wa Agosti 1888 alitoka nyumbani na wanawe wawili bila ya kumwambia mumewe, akaendesha gari hilo hadi Pforzheim, mwendo wa kilomita zaidi ya 100. Hapakuwa na duka la petroli duniani. Alinunua mafuta kwa muuza dawa katika mji wa Wiesloch. Njia ya mafuta ilipoziba aliizibua kwa pini ya kofia yake. Breki za mbao zilipolika alimtaka fundi wa viatu azipigie ngozi. Aliporudi alimweleza mumewe mahali gari lilipokuwa dhaifu, hasa katika kupanda vilima, naye akalirekebisha. Watu wakajua ya kuwa chombo kile si cha kuchezea uwanjani tu.

Serikali nazo hazikuwa na haraka. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1865 iliyotungwa kwa ajili ya mashine za mvuke za barabarani. Mashine isizidi maili 4 kwa saa shambani na maili 2 mjini, na mtu atangulie mbele kwa miguu ameshika bendera nyekundu. Bendera iliondolewa katika sheria mwaka 1878, lakini mwendo ulibaki ule ule wa mtu atembeaye. Mwaka 1896 ndipo ulipoongezwa hadi maili 14, na tarehe 14 Novemba wenye motokaa wakasherehekea kwa kusafiri kutoka London hadi Brighton. Baadhi yao waliharibikiwa njiani.

Tena hapakuwa na mtu aliyejua ni motokaa ya namna gani itakayoshinda. Mwaka 1900 Marekani ilitengeneza motokaa 4,192 tu. Katika hizo 1,681 zilikwenda kwa mvuke, 1,575 kwa umeme wa betri, na 936 tu kwa petroli. Ile iliyokuja kutawala dunia ilikuwa ya mwisho kwa wingi. Gari la umeme lilikuwa kimya na halina moshi, lakini betri yake ilikuwa nzito na halikufika mbali. Gari la mvuke lilikuwa na nguvu, lakini lilitaka maji na kungojewa lipate moto. La petroli lilikuwa na kelele na harufu, lakini lilikwenda mbali, na mafuta yake yalichukulika kwa debe hata penye kijiji cha mwisho. Leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, gari la umeme limerudi tena barabarani. Basi asicheke mtu akisema kitu fulani kimekufa moja kwa moja.

MIAKA KUMI ILIYOGEUZA KILA KITU

Mpaka mwaka 1905 hivi, mtu aliyesimama katika barabara ya London angaliapa kwa yakini ya kuwa farasi ataishi naye maisha yake yote. Mabasi karibu yote na teksi karibu zote zilikuwa za farasi. Mwaka 1910 teksi za injini zilikwisha zipita zile za farasi kwa wingi. Kampuni kubwa ya mabasi ya mji ule iliondoa basi lake la mwisho la farasi mwezi wa Oktoba 1911, na basi la farasi la mwisho kabisa la London lilimaliza kazi tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipoingia vitani. Katika majuma machache jeshi likatwaa farasi zaidi ya 100,000 wa raia, na hilo likayaharakisha mambo.

Marekani, Henry Ford alitoa motokaa yake aina ya Model T mwezi wa Oktoba 1908, kwa bei ya dola 850 hivi. Mwaka 1913 alianzisha kiwandani mwake njia mpya: badala ya mafundi kuizunguka motokaa, motokaa yenyewe ilivutwa kwa mkufu ikapita mbele ya mafundi waliosimama, na kila mmoja akatia kipande kimoja tu. Kazi ya kuunganisha iliyochukua saa 12 na nusu ikachukua saa 1 na nusu hivi. Bei ikashuka mwaka baada ya mwaka, hata mwaka 1925 ile ndogo ikauzwa kwa dola 260. Kufika 1927 Model T milioni 15 zilikuwa zimetoka. Wanunuzi wake wakubwa, tuangalie sana jambo hili, walikuwa wakulima. Mkulima alinunua motokaa apeleke mazao sokoni, asijue ya kuwa kwa ununuzi huo amejipunguzia soko mwenyewe.

WALIOFUATA NA WALIOACHWA

Waliookoka ni waliojua kazi yao hasa ni ipi. Ndugu watano wa ukoo wa Studebaker walikuwa na kiwanda cha magari ya farasi mjini South Bend tangu mwaka 1852. Kiwanda hicho kilitoa motokaa ya umeme mwaka 1902 na ya petroli mwaka 1904, lakini hakikuacha magari ya farasi mpaka 1920. Kwa miaka 18 kilikuwa na mguu mmoja huku na mmoja kule. William Durant wa Flint, aliyetajirika kwa magari ya farasi, aliichukua kampuni ya Buick mwaka 1904, na mwaka 1908 akaanzisha General Motors. Hawa walijiambia: "Kazi yetu ni kusafirisha watu, farasi ni chombo tu." Walioshikilia ya kuwa kazi yao ni farasi walifunga milango, na wenye karakana za magari ya farasi wakapungua sana.

Katika waendesha magari, vijana walijifunza injini, na kampuni za mabasi za London ziliwafundisha wengi waliokuwa wakishika hatamu. Wazee wengi hawakuweza. Aliyekuwa akijua maradhi ya farasi kwa kumtazama macho alikuta elimu yake ya miaka 30 haina mnunuzi. Walibaki wachache wakipungua, hata teksi ya farasi ya mwisho ya London ikarudisha leseni yake mwaka 1947.

MKULIMA WA CHAKULA CHA FARASI

Sasa twafika palipotufanya tuandike. Farasi hakunywa petroli. Alikula shayiri ya namna iitwayo oti, na majani makavu. Kumlisha farasi mmoja wa kazi kwa mwaka kulitaka ekari 3 hadi 5. Marekani, wakati farasi na nyumbu walipofika kilele cha wingi wao, wapata milioni 26 hivi katika miaka ya vita vile vya 1914 hadi 1918. Chakula chao kilichukua ekari karibu milioni 90, yaani kama robo ya ardhi yote iliyovunwa. Maana yake, mnunuzi mkubwa kuliko wote wa mkulima wa nchi ile alikuwa farasi.

Angalieni tarehe. Motokaa zilikuwa barabarani tangu miaka ya 1890, na London ilikuwa imekwisha badilika mwaka 1911, lakini hesabu ya farasi wa Marekani iliendelea kupanda hata wakati wa vita. Mkulima aliyetazama bei ya oti mwaka 1915 hakuona hatari yoyote. Farasi walioondoka mjini walifidiwa na wale wa shambani na wa jeshini. Kisha trekta likaingia shambani, vita vikaisha, na hesabu ikaanza kuteremka kila mwaka. Kufika 1960 farasi na nyumbu walibaki milioni 3 hivi.

Ardhi iliyomlisha farasi haikuondoka pamoja naye. Ilibaki pale pale mikononi mwa wenyewe, wakapanda ngano, mahindi na vyakula vingine vya kuuza, na mazao yakafurika sokoni. Ilikuwa ni sababu moja, si pekee, ya bei za mazao kuwa duni Marekani katika miaka ya 1920 na 1930. Hivyo hata mkulima ambaye hakupata kupanda oti maishani mwake aliumia kwa kuondoka farasi. Nao wakulima wa mboga wa kando ya miji, ambao hawakuuza kitu kwa farasi, waliikosa samadi wakalazimika kununua mbolea ya dukani. Walionusurika mapema ni wale waliopata zao jingine kabla ya oti kuanguka kabisa. Wengi wa majimbo ya kati waligeukia soya, na mashamba yale leo ni ya soya na mahindi.

NA SISI JE?

Wanachama, tusiseme habari hii ni ya farasi wa watu. Imekwisha tupata sisi mara mbili. Tangu mwisho wa karne ya 19 viwanda vya Ulaya na Marekani vilitumia mafuta ya karafuu kutengeneza vanilini, kitu kinachotoa harufu na ladha ya vanila. Katika miaka ya 1930 ikapatikana njia ya kuitoa vanilini katika maji yanayotupwa na viwanda vya karatasi. Karafuu ilikuwa ni ile ile, nzuri kama zamani. Kilichobadilika kilikuwa kiwandani, maili elfu nyingi kutoka Wete na Mkoani.

Mara ya pili ni Indonesia. Nchi ile ilinunua karafuu zetu kwa wingi kwa ajili ya sigara zao za kretek. Wakapanda mikarafuu yao, na katika miaka ya 1980 wakajitosheleza. Bei ikaanguka, na wazee wetu wengi wanakumbuka karafuu zilizoachwa mtini kwa kuwa ujira wa wachumaji ulishinda thamani ya mavuno.

Basi tukimrudia mzee wetu, twamjibu kwa heshima: Inatuhusu, Mzee wetu. Karafuu ni ile ile, lakini anayeitumia hawi yule yule daima. Wala hatusemi mtu akate mikarafuu yake. Mkarafuu si oti ipandwayo mwaka huu na kuachwa mwaka ujao. Mti huungojea miaka kadhaa ndipo uzae, na ukitunzwa huzaa maisha ya mtu. Kwa sababu hiyo hiyo, sisi hatuwezi kugeuka kwa msimu mmoja kama wale walivyogeukia soya, na yatupasa kutazama mbele zaidi kuliko wao.

Twashauri mambo matatu. La kwanza, tuulize kila mara ni nani atumiaye karafuu zetu mwisho wa safari: mpishi, mganga wa meno, mtengeneza manukato, au mvuta sigara? Mwenye wanunuzi wa namna nyingi haanguki kwa kuondoka mmoja. La pili, tutunze usafi: tuanike juu ya majamvi, tutenge makonyo, tusichanganye mpeta na karafuu nzima. Wakati soko linapojaa, mali chafu ndiyo hukataliwa kwanza. La tatu, chini ya mikarafuu na kando yake patiwe kitu kingine: pilipili manga, mdalasini, vanila, kungumanga, au mchaichai. Tufanye kama wale wa South Bend, mguu mmoja huku na mmoja kule, tena tuanze wakati bei ya karafuu ni nzuri na fedha ya kununulia miche ipo.

Kila tawi twaliomba lizungumze jambo hili kabla ya kuanza kuchuma, na kila mwanachama aje na jibu la swali moja: bei ya karafuu ikishuka nusu mwakani, shamba langu lina kitu gani kingine cha kuuza? Asiye na jibu asione haya kusema hivyo. Wenzake katika tawi watamsaidia kulitafuta, na miche ipandwe mvua za masika zinapoanza.